Majembe Elfu Kumi Yaliyo Sawa: Mazungumzo kwa Wanafunzi wa Uhandisi



Jioni hii twaanza mafunzo mapya kwa wale waliokwisha kusoma hesabu, fizikia na uchoraji wa mitambo, na ambao sasa wataka kujua jinsi kitu kinavyotoka katika karatasi na kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Tayarisha daftari na kalamu, maana hesabu kidogo zitakuja. Na kama pana jembe nyumbani, liweke karibu nawe.

Huenda ukasema moyoni: Mimi nimekuja kusoma uhandisi, mbona naambiwa habari za jembe? Jibu langu ni kwamba jembe lina karibu mambo yote ya kiwanda ndani yake, wala halina kifuniko kinachokuzuia kuyaona. Tena ni kitu ambacho ubaya wake hauna siri. Mkulima akinunua jembe, likapinda au likavunjika siku ya tatu ya mvua za kwanza, hana muda wa kurudi mjini kulalamika. Mvua haimngojei. Shamba lisilolimwa juma hilo huenda lisilimwe kabisa msimu huo, na mhandisi aliyelichora jembe lile hatapata habari.

Watu wa nchi zetu hawakuanza jana kufanya kazi ya chuma. Ufipa walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Wanyamwezi katika karne ya 19 walifanya biashara ya majembe mbali na kwao, na mahali pengi jembe lilitolewa kuwa mahari. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee walijenga tena tanuri la kale katika miaka ya 1970, na wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika habari zake mwaka 1978. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Kwa njia hiyo waliweza kupata chuma cha pua, na matanuri ya namna hiyo yaliyochimbuliwa huko yana umri wa miaka kama 1,500 hadi 2,000.

Basi, ikiwa mhunzi alijua kazi yake hivyo, kiwanda kimeongeza nini?

Mhunzi hutengeneza jembe moja, kisha jingine. Macho yake ndiyo kipimo chake, na mkono wake husahihisha kosa papo hapo. Chuma kikiwa kizito upande mmoja, hukigonga zaidi upande ule. Ujuzi wote umo ndani ya mtu. Kiwanda kinataka jambo lingine: majembe elfu kumi yaliyo sawa, yatengenezwe na watu ambao wengi wao si wahunzi, na jembe la mwisho lisipungue uzuri wa jembe la kwanza. Hapo ujuzi hauna budi kutolewa ndani ya mtu na kuwekwa katika mashine, katika kalibu, katika vipimo, na katika mpango wa kazi. Kuuhamisha ujuzi hivyo ndiyo kazi yako wewe mhandisi wa uzalishaji.

Mfano mmoja wa kwanza kabisa wa jambo hili watu wa pwani wataufahamu vizuri. Katika jahazi mna kapi, au roda, ambayo kamba ya tanga hupita ndani yake. Manowari kubwa ya Uingereza ya miaka ya 1800 ilihitaji roda kama elfu moja, na sehemu kubwa ya kazi ya kuzitengeneza ilifanywa kwa mikono. Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, alibuni mashine za kuzitengeneza, na fundi stadi Henry Maudslay akaziunda kwa chuma. Ziliwekwa katika gati la Portsmouth. Kila mashine ilifanya tendo moja tu: moja ilikata gogo, moja ilitoboa, moja ilichimba nafasi ya gurudumu, na kadhalika. Kufikia mwaka 1808 walikuwa wakitoa roda kama 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi walifanya kazi ya mafundi 110. Hao 110 walikwenda wapi? Vitabu vya uhandisi havipendi sana kuuliza swali hilo, lakini ninyi msiache kuliuliza.

Sasa tuje kwenye njia za kukipa kitu umbo. Majina ya mashine ni mengi mno, lakini njia zenyewe ni chache.

Njia ya kwanza ni kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Mafundi wa sufuria za alumini hufanya hivyo kila siku. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 za sentigredi, joto ambalo tanuri dogo la makaa lenye feni hulifikia bila shida. Kalibu ni mchanga uliolowanishwa kidogo na kushindiliwa kuzunguka sufuria ya mfano. Maji yakipungua, mchanga hubomoka. Yakizidi, hugeuka mvuke madini yanapoingia, na kazi hutoka na matundu kama mkate, au madini yenyewe hurukia watu. Tena madini yakipoa hunywea. Kwa alumini hesabu ya kawaida ni milimita 13 kwa kila mita, kwa hiyo ukitaka sufuria yenye upana wa sentimita 30, mfano wako uwe mpana zaidi kwa karibu milimita 4. Fundi wa mtaani asiyejua tarakimu hii anajua jambo lenyewe: akitumia sufuria ya dukani kuwa mfano, yake itatoka ndogo kidogo, na mfuniko wa dukani hautaikaa.

Njia ya pili ni kukifua au kukikandamiza chuma bila kukiyeyusha, kiwe moto au baridi. Ya tatu ni kukata: kukereza, kutoboa, kupiga randa, kusaga. Hii ndiyo njia sahihi kuliko zote kwa vipimo, lakini hupoteza madini, maana kila chembe iliyoanguka sakafuni uliinunua kwa bei ya chuma kizima. Ya nne ni kuunga, kwa kulehemu, kwa ribiti au kwa skrubu. Siku hizi pana na ya tano, mashine zinazojenga kitu tabaka juu ya tabaka kutoka katika unga au uzi wa plastiki. Ni nzuri kwa kitu kimoja kigumu kuchora, lakini kwa majembe elfu kumi ziache kwanza.

Shika jembe lako sasa. Kwa nini halisubiwi? Lingeweza kusubiwa kwa chuma cha kalibu, ambacho ni rahisi kukimimina. Lakini chuma cha namna hiyo kina makaa mengi ndani yake, zaidi ya sehemu 2 katika 100, na kwa sababu hiyo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kikigonga jiwe, hupasuka. Jembe lataka chuma cha pua, chenye makaa pungufu ya sehemu 1 katika 100, nacho kifuliwe. Ndiyo maana wahunzi wengi wa leo hupenda springi za magari makuukuu: ni chuma cha pua kizuri, na kimekwisha kulipiwa na mtu mwingine.

Kiwandani mambo huenda hivi. Mchi wa chuma hukatwa vipande vya uzito mmoja. Kipande hutiwa katika tanuri mpaka kiwe chekundu cha kuelekea manjano. Mashine ya kukandamiza hukitoboa tundu la mpini, kisha sehemu iliyobaki husukumwa na kutandazwa iwe bapa. Kingo hukatwa kwa kalibu ya kukatia, makali husagwa, jembe hupitishwa katika moto wa pili, hupakwa rangi na kutiwa alama. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, kwa miaka mingi ilitia alama ya mamba kwenye majembe iliyoyapeleka Afrika. Tanzania nayo ilijenga viwanda vya zana za kilimo Ubungo na Mbeya.

Nataka tukae kidogo kwenye ule moto wa pili, maana hapo ndipo jembe zuri huachana na baya, na kwa macho hayatofautiani. Chuma cha pua kikipashwa moto hadi digrii kama 800, kikawa chekundu, mpangilio wake wa ndani hubadilika. Sumaku haikishiki tena. Kikitumbukizwa ghafula katika mafuta au maji, kile kilichobadilika hakipati nafasi ya kurudi polepole, na chuma huwa kigumu sana. Lakini ugumu huo ni wa kioo: kidondoshe juu ya saruji, huenda kikavunjika vipande viwili. Kwa hiyo hapana budi kukipasha tena, safari hii kwa moto mdogo, ili ugumu upungue kidogo na ushupavu uongezeke. Ukikisugua king'ae, utaona rangi zikipita juu yake moto unapopanda: manjano ya majani makavu karibu na digrii 230, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300. Wahunzi walisoma rangi hizi kabla ya kuwapo vipima joto. Kiwanda huweka saa na kipima joto mahali pa jicho la mhunzi.

Sasa fikiri. Mwenye kiwanda ana haraka, maagizo ni mengi, mvua zinakaribia. Moto wa pili na upashaji unaofuata huchukua muda na mafuta ya tanuri. Akiuacha, jembe litang'aa vile vile, rangi itakuwa ile ile, alama ile ile, na dukani hakuna atakayejua. Wengine wameuacha. Atakayejua ni yule aliye shambani, wakati makali yamekunjika kama karatasi. Nakueleza haya kwa sababu siku moja utaulizwa, pengine na mkubwa wako, kama hatua hii "ni ya lazima kweli". Uwe na jibu tayari, nalo liwe na tarakimu: jembe lililopimwa ugumu wake, na jembe lililopigwa jiweni mbele ya mashahidi.

Tuingie katika jambo la vipimo. Nilisema majembe elfu kumi yaliyo sawa. Kwa kweli hakuna vitu viwili vilivyo sawa kabisa duniani. Mashine hutikisika, kalibu huchakaa, chuma cha asubuhi si moto kama cha mchana. Kwa hiyo mchoro wa mhandisi hausemi "tundu liwe milimita 50", bali husema "milimita 50, na lisizidi wala lisipungue zaidi ya kiasi hiki". Tofauti hiyo inayoruhusiwa ndiyo huamua bei ya kitu kuliko karibu neno lolote jingine utakaloandika katika mchoro. Kila unapoibana, gharama hupanda, tena hupanda kwa kasi kuliko unavyobana, maana watakiwa mashine bora zaidi, kazi ya polepole zaidi, na vitu vingi zaidi vya kutupwa.

Je, tundu la jembe lihitaji usahihi gani? Tazama mpini. Upande wa mkono ni mwembamba, upande wa kichwa ni mnene. Jembe huvishwa kutoka upande mwembamba, likateremka mpaka likakwama penye unene. Tundu likiwa kubwa kwa milimita moja, jembe litasogea mbele kidogo tu, kisha litakwama vile vile. Na kila unapolizungusha hewani ili ulipige ardhini, uzito wake huvutwa kuelekea kwenye unene, likazidi kukaza. Aliyebuni mpini huu, ambaye jina lake halijulikani, alikuwa mhandisi mkubwa. Aliondoa haja ya usahihi! Mkulima anaweza kuchonga mpini wake mwenyewe kwa panga, bila kipimo chochote, nao ukafaa.

Linganisha na gololi za gurudumu la baiskeli. Zimepangwa duara, na zatakiwa kugawana mzigo. Gololi moja ikizidi wenzake, hata kwa sehemu ya kumi ya unene wa unywele, hiyo ndiyo itakayobeba zaidi, na ndiyo itakayochakaa upesi na kuharibu njia ya wenzake. Hapo usahihi ni lazima, ulipe bei yake bila kunung'unika. Mhandisi mchanga hupenda kuandika usahihi wa gololi juu ya tundu la jembe, akidhani ndio ubora. Huo ni uharibifu wa fedha za watu.

Na tundu litapimwaje, mara elfu kumi? Hatumpi mfanyakazi rula. Twampa kijiti cha chuma chenye ncha mbili. Ncha moja ni ya kipimo kidogo kinachoruhusiwa, nayo sharti ipite tunduni. Ncha ya pili imezidi kidogo kipimo kikubwa kinachoruhusiwa, nayo sharti isipite. Hahitaji kusoma nambari yoyote, na kazi yote ni ya sekunde mbili.

Sasa kalamu. Tuchukue mfano wa hesabu tu, bei hizi si za soko. Mhunzi atakufulia jembe kwa shilingi 9,000. Kiwanda chaweza kulitoa kwa shilingi 4,000 za chuma, moto na ujira, lakini kwanza lazima kilipe shilingi 2,000,000 za kalibu. Ukitengeneza majembe 200 tu, kila moja limebeba shilingi 10,000 za kalibu, jumla 14,000, na mhunzi amekushinda vibaya. Ukitengeneza 400, kila moja limebeba 5,000, jumla 9,000, mko sawa. Ukifika 10,000, kalibu ni shilingi 200 tu kwa kila jembe, jumla 4,200. Hapo mhunzi hawezi kukufuata.

Hesabu hii ndogo yaeleza mambo mengi. Yaeleza kwa nini majembe ya kutoka nje yamejaa madukani: kiwanda kinachouzia nchi ishirini hugawa gharama ya kalibu kwa mamilioni. Yaeleza pia kwa nini mhunzi wa kijijini hajafa. Anayetaka jembe moja la namna yake, jembamba kwa ajili ya bustani ya mchicha au zito kwa udongo wa mfinyanzi, hana mahali pengine pa kwenda. Usimdharau mhunzi. Muulize ni vitu gani huagizwa kwake kimoja kimoja, utajua kiwanda chako hakiwezi nini.

Jambo la mwisho ni mwendo wa kazi. Tuseme mashine ya kukata hutoa vipande 120 kwa saa, tanuri hupasha 60, mashine ya kukandamiza yaweza 200, na chombo cha kutumbukizia 80. Kiwanda kitatoa majembe mangapi kwa saa? Sitini. Na mwenye kiwanda akinunua mashine mpya ya kukandamiza yenye nguvu mara mbili? Sitini vile vile, na deni la benki. Kila kiwanda kina mlango wake mwembamba, na huutambui kwa kusoma karatasi ofisini. Tembea sakafuni ukatazame mahali vitu vilipolundikana. Lundo kubwa likiwa mbele ya tanuri, tanuri ndilo mlango wenyewe. Mkataji naye akiendelea kukata 120, anaongeza lundo tu, na lile lundo ni fedha zilizolala zikipata kutu.

Henry Ford, huko Highland Park, Marekani, mwaka 1913 alianza kuifanya kazi ya kuunganisha gari imfuate mfanyakazi, badala ya mfanyakazi kuifuata. Kuunganisha fremu ya gari moja kulichukua saa 12 na nusu. Kufikia mwaka 1914 kulichukua saa moja na dakika 33. Habari hiyo husimuliwa sana. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mwaka huo wa 1913 watu waliikimbia kazi ile. Ilibidi kiwanda kiajiri watu zaidi ya mara tatu ya nafasi kilizonazo ili nafasi zile zisibaki wazi, maana kukaza nati ile ile kutwa nzima humchosha mtu rohoni. Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya uliokuwapo, na wengi wakabaki.

Kwa hiyo unapoipanga kazi, mpange na mtu. Mashine ya kukandamiza iwe na vitufe viwili vilivyo mbali, iweze kushuka tu mikono yote miwili ikiwa juu ya vitufe. Atakuja msimamizi akufunge kitufe kimoja kwa waya ili mkono mmoja uwe huru na kazi iende upesi. Fungua waya ule siku hiyo hiyo, na mashine isimame mpaka utakapomaliza.

Kazi ya juma hili ni hii. Nenda kwenye duka la vifaa, umwombe mwenye duka ruhusa, upime matundu ya majembe kumi ya alama moja kwa bikari na rula. Andika tofauti kati ya lililo kubwa na lililo dogo. Kisha yapime uzito, kama ana mizani. Halafu mtafute mhunzi aliye karibu nawe, umpimie majembe yake kwa njia ile ile, na umuulize hukitambuaje chuma kilichoiva. Yaandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe. Juma lijalo, saa hii hii, tutaanza na mchanga wa kalibu.